Ngatu Iliyokatwa Msibani

"Wenzako wamesomea uuguzi, wewe ukasomea picha!" Shangazi Lavinia hakuchoka kumwambia Tokilupe kila Jumapili baada ya kanisa, mdomo umejaa viazi vikuu. "Haya, picha zinapikika?"

"Zitapikika, shangazi. Wewe andaa sufuria."

Ni hiyo shahada ya historia ya sanaa iliyomwingiza kwenye jumba la makumbusho mjini Auckland, kwa majaribio. Siku ya mwisho, mkuu wa hifadhi, Bi Prudence, alitandaza mezani ngatu, kile kitambaa cha magome kinachopondwa na akina mama wa Tonga. Upande mmoja haukuwepo.

"Imeharibika vibaya," alisema, akimsogezea gundi. "Itie kiraka. Nikiridhika, Jumatatu una ajira."

Tokilupe aliinama. Ukingo ulikuwa umenyooka, ua zima lililochorwa juu yake limepitiwa katikati na mkasi. Msibani kwa baba yake mkubwa aliwahi kumwona Shangazi Lavinia, dada wa marehemu na, kwa mila za Tonga, mwenye kauli ya mwisho, akikata ngatu kama hii na kuwagawia waombolezaji.

"Haijaharibika, mama. Imegawiwa."

"Nani kakwambia?"

"Mkasi. Mchaniko haunyooki hivi. Kwetu msibani ngatu hukatwa, watu wakaondoka nayo. Nikiziba hapa, nawafuta hao watu."

"Wageni watasema tunatundika vitu vibovu."

"Waelezwe! Chuoni nilifundishwa kukisoma kitu: kilitengenezwaje, kilitumikaje. Kama mnataka viraka, mwiteni fundi viatu."

Mtu alicheka nyuma ya makabati. Bi Prudence akaiva uso.

"Binti, shika gundi au vua kitambulisho."

Tokilupe alikivua, akakiweka mezani. Mikono akairudisha juu ya ngatu.

"Chukua. Ila sibanduki hapa mpaka irudi kabatini ilivyo."

Bi Prudence alivuta taa. Akaufuata ukingo kwa lenzi, taratibu, mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia. Mwishowe akafunga kopo la gundi.

"Maelezo ya ukutani utayaandika wewe. Watu wakilalamika, lawama ni zako."

"Zangu."

"Na kauli ya fundi viatu nisiisikie tena."

"Msiniletee gundi tena," alisema Tokilupe, akivaa kitambulisho chake.