Gucio na Treni ya Mizimu

Irek alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na tangu aachane na mkewe Bożena, watoto wake aliwaona kwa nadra. Kiangazi hicho aliomba Jumamosi moja, akawachukua mjini Katowice kuwapeleka kwenye bustani ya mabembea. Njia nzima aliisifia mpaka koo likamkauka. Kornelia, wa miaka saba, alikuwa akiitikia, "Kweli, baba? Lo!" Gucio, wa miaka minne, alinyonya kidole tu.

Walipovuka lango, Gucio akachomoka mbio. "Boti za mabata ziko huku! Na choo kile pale!"

Irek akamdaka. "Wee, umejuaje?"

"Si tulikuja na anko Radek! Tulipanda..."

Kornelia akamfinya, mtoto akapiga ukelele. Kisha binti akainamisha uso. "Mama alituambia tusiseme. Alisema utafurahi ukidhani ni mara ya kwanza."

Angecheka, yangeishia hapo. Lakini roho ilimchoma kusikia jina la mwanamume anayeishi sasa na Bożena, akauliza, "Na huyo Radek wenu aliwapandisha treni ya mizimu?"

"Hapana. Gucio anaogopa giza."

"Basi leo anapanda na baba yake."

"Sitaki, baba," Gucio akasema.

"Acha kudeka. Wewe si mwanamume?"

Kwenye foleni Gucio alianza kulia. Mama mmoja nyuma yao akasema, "Mwache bwana, mpeleke kwenye mabata."

"Mama, lea wako," Irek akamjibu.

Ndani ya handaki la giza, mifupa ya bandia ilipoanguka mbele yao, Gucio alipiga kelele za kumwita Radek. Si mama, si baba. Radek.

Walipotoka kwenye mwanga, suruali ya mtoto ilikuwa imelowa, na kiti nacho kimelowa. Msichana aliyeendesha treni akachukua kitambaa, akasema polepole, "Si neno, hutokea." Lakini foleni nzima ilikuwa ikitazama, na Irek akafoka, "Jitu zima unajikojolea! Huoni haya?"

Yule mama akageuza uso, kama aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Kornelia akatoa suruali nyingine kwenye mkoba aliofungasha mama yake, akamshika mdogo wake mkono. Irek akawafuata hadi chooni. Alipopiga magoti na kuinua mkono kumfuta mtoto machozi, Gucio akajikunyata na kuziba uso.

"Sikupigi, mwanangu," Irek akasema. "Wa kuona haya ni mimi. Wewe hujakosa kitu."

Baadaye walipanda boti za mabata, wakala mikate ya uyoga na jibini, lakini mtoto alikaa upande wa dada yake muda wote.

Walipokuwa wakirudi, Kornelia akamgusa bega. "Usijali, baba. Mama hatumwambii."

Hilo lilimuumiza kuliko foleni yote. Mtoto wa miaka saba alikuwa anamfichia aibu.

Bożena alipofungua mlango, Irek alimweleza mwenyewe, hadi yale maneno aliyofoka. Radek alikuwa amesimama nyuma ya Bożena na taulo la kukaushia vyombo, akisikia kila neno. Irek hakuthubutu kumtazama.

Bożena akauliza, "Wamekula?"

"Wamekula."

Gucio alikuwa amelala begani kwa baba yake. Radek akanyoosha mikono kumpokea, na Irek akampa, taratibu, asije akaamka.