Wanawake Tisa Kwenye Mstari

Mara ya kwanza gwaride la utambuzi lilipoitishwa, walikosekana wanawake wa kusimama mstarini. Mara ya pili wanawake walipatikana, wakili wa mtuhumiwa hakuja. Hii ilikuwa ya tatu, na dada wa ustawi wa jamii, aliyenitafutia nafasi katika nyumba ya serikali ninakolala, aliniambia njiani bila kunificha kwamba ya nne haipo. Nisipomtambua leo, hakimu atamwachia Mamkubwa arudi kwake.

Mamkubwa si dada wa mama. Jina hilo alijipa mwenyewe siku alipokuja kwetu kunichukua, na ahadi ya cherehani mkononi. Cherehani sikuiona. Niliona sakafu, masufuria na mlango unaofungwa kwa nje, miaka miwili. Na kabla hajakamatwa alikuwa amesharudi kwa mama kumwomba ampe na mdogo wangu. Mama mpaka leo hajaamini niliyomweleza. Nguo za mdogo wangu bado zimekunjwa ndani ya mfuko, zinasubiri Mamkubwa atoke mahabusu aje amchukue.

Kituoni tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa tano. Benchi za serikali nimeshazizoea. Maelezo yangu nimeyatoa kwa watu wanne, na kila mmoja alianza na karatasi mpya kana kwamba wenzake hawakuandika kitu. Afande wa leo alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Asubuhi nzima alizunguka sokoni na ofisi za jirani akiomba wanawake wanene wa makamo waje wasimame na mtuhumiwa. Wengi walimkwepa. Mmoja wa waliokubali, muuza vitunguu, nilimsikia akiwaambia wenzake, "Sasa huyo mtoto akinigusa mimi, vitunguu vyangu atauza nani? Afande?" Wakacheka. Hata afande alicheka, ila kicheko hakikufika machoni.

Nikaitwa. Wanawake tisa walisimama ukutani. Afande alinieleza utaratibu: nipite polepole, nikimwona aliyenifungia ndani nimguse bega.

Nikapita. Nikarudi. Nyuso tisa, zote nene, zote zimenuna. Wakili alitazama saa yake, akauliza kama zoezi limekwisha. Afande akamwambia asubiri.

Shida ni kwamba Mamkubwa sikuwahi kumtazama usoni. Ilikuwa sheria ya kwanza ya nyumba ile: ukimwinulia macho unalala na njaa. Wale wanne walioandika maelezo hawakuniuliza habari hiyo, nami sikujua kama ni ya kusema. Macho yangu yakashuka yenyewe, mahali yalikozoea. Chini nikakuta raba nyeupe, jozi tisa. Afande alikuwa ameziazima ili mtuhumiwa asijulikane kwa ndala za mahabusu. Kwa kutenda haki, alikuwa amefunika kitu pekee macho yangu yalichokijua.

"Afande," nikasema, "naomba wavue viatu."

Wakili akasema hajawahi kuona jambo hilo. Afande alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sare. Akasema shahidi akiomba watembee, hutembea. Akiomba waseme, husema. Viatu navyo havijakatazwa. Akaliandika ombi langu kwenye fomu, pamoja na saa na dakika, akampa wakili asome. Kisha akawageukia wanawake.

"Mama zangu, tusaidiane. Vueni."

Muuza vitunguu akanung'unika kwamba angejua mapema angeoga mpaka chini.

Nilianza upya mwanzo wa mstari. Kwa wa saba nikasimama. Ukucha wa kidole gumba cha kushoto umepasuka katikati, kisigino kina kovu kama mdomo uliofumba. Miguu hiyo niliisugua kwa jiwe kila jioni.

Nikainua macho. Alikuwa mama wa kawaida, mwenye mashavu, ambaye ungeweza kumuuliza njia.

"Shusha macho, wewe mtoto," akasema kwa sauti ya chini.

Sikushusha. Nikamgusa bega, mkono ukakaa pale mpaka afande alipomaliza kuandika.

Nilidhani nitarudi kulala. Lakini afande alivuta kiti, akachomoa karatasi mpya. Habari ya miguu lazima iandikwe, akasema, na itabidi tuanze mwanzo.

"Pole, mdogo wangu. Ndiyo kazi yenyewe."

Nikakaa. Kabla sijafungua mdomo nikamwomba dada wa ustawi ampigie mama simu, amwambie azitoe zile nguo mfukoni.