Ngazi za Mkekani

Katika nchi ya Sufufu, ambako kila kitu kilikuwa kingi isipokuwa mahali pa kukaa, palikuwa na jiji lililoitwa Mwangwi. Jiji hilo liliegemea kilima, na juu ya kilima waliishi Wakwezi, watawala waliorithishana madaraka kama watu wanavyorithishana kipara. Nyumba zao zote zilikuwa na roshani, maana hapakuwa na Mkwezi aliyeamini kwamba kumekucha mpaka asimame juu na kuwatazama walio chini. Walipohutubu, kilima kiliwarudishia sauti zao wenyewe, nao wakashukuru kwamba wananchi wanakubaliana nao.

Chini kabisa, kilima kilipokuwa kimechoka kuwa kilima, kulikuwa na mtaa wa Mkekani. Nyumba zake zilibanana bega kwa bega, lakini katikati waliacha uwanja mtupu ambao hakuna aliyethubutu kuujengea hata chumba cha kuku. Hapo ndipo mikeka ilipotandikwa, leo kwa arusi, kesho kwa matanga, na siku zisizo na shughuli wanawake walikaa wakichambua mchele na kuwachambua waume zao. Miaka nenda miaka rudi hakuna Mkwezi aliyeukumbuka. Kisha maduka ya vioo yakaanza kuteremka kutoka kilimani, ardhi ikapata bei, na Wakwezi wakagundua ghafla kwamba watu wa Mkekani wanateseka kwa kukosa maendeleo. Wakatangaza kwamba mtaa utabomolewa, ujengwe Jumba la Umma.

Kazi ya kulichora alipewa Shufaa. Alizaliwa Mkekani, mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa na jirani, Bi Kazija, mwanamke mpole wa maneno na mgumu wa shingo, aliyewaosha maiti wote wa kike wa mtaa ule. Shufaa alisoma mpaka akawa msanifu majengo. Mkwezi Mkuu, Bwana Sarahani, alimchagua kwa sababu hiyo hiyo ya kuzaliwa kwake, kwani shoka lisilo na mpini wa mti haliingii msituni.

Akaenda uwanjani na karatasi yake, akaitandika juu ya mkeka, watu wakaweka vijiwe kwenye pembe isipeperuke. Wakamwambia wanachotaka: kivuli, bomba la maji, vyoo, mlango usio na ngazi kwa ajili ya wenye magoti mabovu, na uwanja ubaki uwanja, kwa kuwa kwenye maghorofa watakayohamishiwa hakuna pa kumlilia maiti. Shufaa akachora yote mbele ya macho yao. Hata hivyo wengi walisita, mpaka Bi Kazija aliposimama.

"Huyu nimemlea mimi," alisema. "Hawezi kunitia aibu."

Kwa neno hilo wakatia vidole gumba kwenye hati za kuhama, mmoja baada ya mwingine.

Wiki iliyofuata Bwana Sarahani aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kichwa kikiwa upande.

"Watu wanaingia hivi hivi tu?"

"Ndiyo, Mtukufu. Ni jumba la umma."

"Umma ukiingia bila kuchoka, utadai bila kuchoka. Weka ngazi. Tisini na tisa. Wakifika juu wawe hawana pumzi ya kulalamika. Na huu mlango wa nyuma uuondoe, sitaki watu wa kupenyapenya. Uwanja uzungushie uzio, tuweke magari yetu."

"Lakini niliwaahidi, Mtukufu."

"Uliwaahidi wewe," alisema Bwana Sarahani, wala hakupandisha sauti. "Mimi sikuwepo."

Shufaa akachukua kifutio. Alifuta uwanja kwanza, kisha bomba, kisha kivuli, na kila alipopuliza vumbi la kifutio alijiambia kwamba akikataa yeye ataletwa mwingine asiyewahi hata kuonja chumvi ya Mkekani. Alijiambia hivyo usiku na mchana, mpaka maneno yakachuja kama majani ya chai yaliyochemshwa mara tatu.

Mtaa ukabomolewa, watu wakapandishwa maghorofani, ngazi zikaanza kupanda. Shufaa hakukanyaga tena kwa Bi Kazija. Kila juma alisema juma lijalo.

Asubuhi moja Bi Kazija alikuja mwenyewe. Shufaa alikuwa akikagua mawe aliposikia sauti yake langoni, na kabla akili haijaamua, miguu ilikwisha kumpeleka nyuma ya rundo la mbao. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwenye wino wa serikali kwenye kidole, amejibanza kama mwizi wa kuku. Kupitia upenyo aliona Bi Kazija akiuangalia uzio, akiangalia ngazi, kisha akiinua kanga na kuanza kupanda. Alifika ya kumi na moja. Akakaa, akayakanda magoti yake.

"Unamtafuta nani, bibi?" mlinzi aliuliza.

"Mwanangu. Yeye ndiye mwenye kujenga hapa."

"Leo sijamwona."

"Basi mwambie nilikuja. Kama ana kazi nyingi, asijali."

Akashuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto. Shufaa aliuma ukosi wa shati lake, asitoke, mpaka kanga ile ilipopotea barabarani.

Jumba lilipokamilika ikapangwa siku ya uzinduzi. Alfajiri ya siku hiyo Shufaa aliletewa habari: Bi Kazija amefariki. Alikaa kitandani, nguo ya sherehe magotini. Kisha akaivaa, akaenda kwenye uzinduzi.

Wakwezi wote walikuwa ukumbini, wamekaa mbele ya pilau, hotuba ya tatu ikiendelea, mlinzi alipoingia na kumnong'oneza Bwana Sarahani. Watu wa Mkekani walikuwa wametoka kumzika Bi Kazija. Ghorofani kwao ushoroba haukutosha hata jamaa wa karibu. Wakauendea uwanja wao, wakakuta uzio na magari. Basi wakatandika mikeka kwenye ngazi. Walijaza ya kwanza, wakajaza ya pili, wakapanda hivyo wakitulia mpaka wakafika ya tisini na tisa, migongo yao ikilielekea jumba, na dua ikaanza.

Sasa, katika Mwangwi kulikuwa na mwiko mmoja ambao hata Wakwezi waliuogopa: aliyekaa matangani harukwi. Atakayemruka, yeye mwenyewe atazikwa bila mtu wa kumlilia.

"Msanifu!" aliita Bwana Sarahani. "Mlango mwingine uko wapi?"

"Hakuna, Mtukufu. Uliagiza uondolewe."

"Nani aliyechora upuuzi huu?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. "Mimi," Shufaa alisema, na lilikuwa neno la kwanza la kweli alilolitamka ndani ya jumba lile.

"Basi nenda ukawaambie watupishe."

Alitoka. Ngazi ya juu kabisa alikaa Sihaba, aliyekuwa jirani wa Bi Kazija ukuta kwa ukuta. Hakugeuka.

"Siku tatu za mwisho alikataa mlango ufungwe," Sihaba alisema. "Alisema utakuja."

Shufaa alivua viatu. "Siku aliyokuja hapa nilikuwepo. Nilijificha."

"Alijua. Aliviona viatu vyako chini ya mbao."

Jua lilimpiga usoni, naye hakuinua mkono kujikinga. Akakaa nyuma ya Sihaba, kisha taratibu akajisogeza ubavuni mwake. Sihaba akaivuta kanga yake upande wa pili. Kama alikuwa anampa nafasi au anaogopa kuguswa naye, Shufaa hakujua, na hakuwa na uso wa kuuliza.

Mlangoni nyuma yao Bwana Sarahani aliita, "Msanifu!" Akaita tena. Ndani, Wakwezi walianza kuulizana maji ya kunywa yako wapi. Matanga ya Mkekani hukaliwa siku tatu, na siku ya kwanza ilikuwa haijafika hata alasiri.