Kizuizi Kilichobaki Juu

Ingvild hakuwa na wasiwasi hata kidogo asubuhi ile, na baadaye hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta inayolinda barabara ya bondeni, ile inayopita chini ya mlima kabla ya kuingia handakini. Rada huitazama theluji mlimani. Ikianza kuteleza, programu hushusha kizuizi na magari husimama. Masharti ya lini kishuke yameandikwa kwa lugha ndogo ya maagizo, na bila maktaba ya lugha hiyo, yaani faili linaloifasiri, programu haiwezi kuyasoma. Maktaba iliyokuwepo ilikuwa na kasoro: namba za rada zikiwa kubwa mno, ilinyamaza kimya, na kizuizi kikabaki juu. Wenye lugha walishairekebisha, ila walitoa msimbo mtupu, maandishi ambayo kompyuta haiwezi kuyatumia mpaka yajengwe kuwa faili. Kila mtu ajijengee mwenyewe.

Akajenga. Mistari ikatiririka kwenye skrini bila kosa. Akaendesha majaribio, yote yakapita. Akaisakinisha, akawasha programu upya, akajikatia mkate na jibini ya kahawia. Watu wa kompyuta wana ugonjwa huo: jaribio likipita, wanaona dunia nzima imepona.

Redio ikakoroma. Alikuwa Solfrid, dada yake mkubwa, dereva wa gari la kusukuma theluji.

"Profesa, njia vipi huko?"

"Iko wazi, dada. Kizuizi kiko juu, na nimetoka kukitengeneza sasa hivi."

"Ukisema umetengeneza ndiyo naogopa. Mashine ya kufulia ya mama umeisahau?"

"Ile ilikuwa mbovu tangu dukani!"

"Haya bwana. Namalizia kahawa, natoka."

Solfrid na kahawa yake, hiyo ni nusu saa nzima. Ingvild akageukia skrini ya rada huku anatafuna. Namba zilikuwa zinapanda. Zikafika pale kizuizi kinapotakiwa kushuka, zikapita. Kizuizi hakikushuka.

Akauweka mkate mezani. Labda rada inakosea, alijiambia, ingawa alijua haikosei. Akaiuliza programu inatumia maktaba ipi. Ikajibu: ya zamani.

Ile mpya alikuwa ameiweka kwenye folda nyingine, ya zamani hakuigusa, nayo programu ilipoamka ilikwenda kutafuta kule kule ilikozoea. Majaribio yalikuwa yameijaribu mpya peke yake. Hakuna aliyeiuliza programu inatumia ipi, na wa kuiuliza alikuwa yeye.

Akaifuta ya zamani ili aweke mpya mahali pake, akakosea amri, akaiandika tena, akawasha programu upya. Kwenye kamera kizuizi kikashuka papo hapo, taa nyekundu zikawaka. Akashusha pumzi. Kisha akaona, upande wa ndani wa kizuizi, chini ya mlima, taa ya njano ya gari la theluji inazunguka.

Solfrid hakuimaliza kahawa.

"Dada! Uko wapi?"

"Chini ya mlima. Naona taa zako nyekundu kwenye kioo. Nirudi nyuma?"

"Usirudi! Nyanyua koleo la mbele, kanyaga mafuta mpaka ndani ya handaki. Usisimame, nakuomba."

"Mbona unalia?"

"Kanyaga!"

Taa ya njano ikasogea, polepole mno, mpaka ukingo wa picha ikapotea. Halafu kamera ikawa nyeupe yote, na sakafu ikatetemeka chini ya miguu ya Ingvild. Aliita redioni. Kimya. Handakini redio haishiki, alijua. Chini ya theluji vilevile haishiki. Akaita tena na tena mpaka sauti ikamkauka. Alifikiria atakavyomwambia mama yao, akakosa hata neno la kuanzia.

Redio ikakoroma.

"Nimetokea upande wa pili." Sauti ya Solfrid haikuwa na utani wowote. "Imeporomoka nyuma yangu, nimeiona kwenye kioo." "Ingvild, uliniambia iko wazi."

"Nilikuambia."

"Uliangalia?"

Ingvild akautazama ule mkate alioung'ata.

"Hapana, dada. Sikuangalia."