Aliyoyatabiri Tabibu

...na hapo tena mtoto ameruka aya, ameruka au hakuruka, Bi Hamda aliinua kifimbo chake akakishusha bila ya kukigonga, kwa sababu sura hii ndiyo ile ambamo aya moja hurudi, ikarudi, ikarudi tena, kama mgeni anayebisha hodi nyumba ile ile, na msikilizaji akipitiwa kidogo tu hajui tena hii ni hodi ya awali au ya mwisho, naye miaka yote aliyosomesha watoto ndani ya ukumbi huu hakupata kupotea humu, wengine ndio waliopotea yeye akawatoa, na sasa Wanu amekaa mbele yake juu ya jamvi, msahafu uko juu ya marufaa, kile kibao cha kuuwekea, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyeletwa mjini kwa shangazi yake asome, sauti yake nyororo, haina haraka, anasoma na anasoma na mwalimu wake hajui yuko wapi... asikunje uso, hilo ndilo la kwanza, mwanga wa dirishani unalichoma jicho la kushoto lakini asilifumbe, akilifumba mdogo wake Ruqaya ataona, Ruqaya siku hizi anaona kila kitu, amepita mara ngapi asubuhi hii na ufagio, ukumbi wenyewe umeshafagiliwa, mtu hufagia nini mahali pasipo taka kama si kuchungulia. Na jana kumuuliza, "Dada, leo siku gani vile?" huku anachambua mchele, hata uso hakuinua, ati amesahau, Ruqaya asahau siku, yeye anayejua siku aliyozaliwa kila paka wa mtaa huu! Akamjibu Jumanne. Ilikuwa Jumatano. Ruqaya akasema "Aa, ahsante dada," akaendelea na mchele wake, na ile ahsante, ile ndiyo iliyomuuma Bi Hamda kuliko kichwa.

"...nshasema na Mwalimu Mmanga," ilikuja sauti nyuma ya pazia la chumba cha ndani, sauti ya Suud, ndugu yao wa kiume, ambaye tangu azaliwe hajajua kunong'ona, "anasema walete watoto tu, ukumbi wake mkubwa..." "Taratibu, atakusikia," akasema Ruqaya. "Atasikia nini naye anasomesha?" Anasomesha, naam, anasomesha, bado neno hilo lingali lake, lakini mpaka lini, watoto wakishavuka kichochoro kwenda kwa Mmanga hawarudi, mtoto ni kama kuku, hulala alikotupiwa mtama, na yeye Hamda bila ya watoto atakuwa nani, mjane wa chumba cha juu, wa kuletewa uji na kuulizwa leo siku gani. Wanu alikuwa amefika tena kwenye ile aya. Ya ngapi? Akakilaza kifimbo juu ya goti. Na maradhi haya yote si ya ile pembea iliyompiga, pembea ni ubao tu, yameanza kwa yule tabibu wa Kigoa na ulimi wake. Ile siku ya sikukuu pale Mnazi Mmoja watoto walikuwa wamevaa mapya, wanja mpaka masikioni, na Wanu leso yake mpya ikamdondoka akaikimbilia mbele ya pembea inayorudi, Bi Hamda akamvuta bega, huyu huyu, bega hili hili linalopanda na kushuka sasa kwa kusoma, kisha kitu kikamgonga nyuma ya sikio na watu wote wakawa mbali, midomo inacheza, sauti hakuna. Baadaye alikuwa kitandani hospitali, macho kayafumba, wakadhani amelala, na tabibu anauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, huyu dada yenu kabla ya leo alikuwa na maradhi ya kichwa, na Ruqaya, msemaji, "Ana kipanda uso tangu uwari wake, bwana tabibu, kikimshika hataki hata jogoo awike," na usingizi je, na ni mtu wa kuwaza, na Suud akacheka, akacheka naye dada yake kalala hapo, "Kuwaza? Huyu sindano ikipotea hulala macho mpaka alfajiri!" Basi tabibu akasema jeraha lenyewe dogo, mwengine angepona upesi, lakini huyu atakawia, mwenye kichwa kibovu tangu zamani na mwenye kuwaza humkalia, miezi pengine, na akayataja moja moja, kichwa, kizunguzungu, kutopenda mwanga, kusahau, hasira za karibu, na kuwadhania watu vibaya. Mkiyaona hayo msishindane naye, mpunguzieni kazi.

Mpunguzieni kazi! Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na Suud akaingiza mguu. Na yule tabibu amejuaje, kesho anaijua Mungu, hata wapiga bao huomba kwanza jina la mama yako na saa uliyozaliwa ndipo waseme uongo wao, huyu kauliza kipanda uso tu na kuwaza tu akatabiri miezi, na likaja kila alilolitaja, kwa zamu, kama wageni walioalikwa, mwanga, kisha kizunguzungu cha kupanda ngazi, kisha Jumanne iliyokuwa Jumatano... au hakutabiri, huenda alipanda, alipoyasema yakamwingia sikioni naye kalala yakaota, asingeyasikia asingekuwa nayo, ndiyo maana hatoi hata moja, ameyafungia yote ndani, dirisha liko wazi pale pale linapomchoma, na ngazi anazipanda mbele za watu bila ya kushika ukuta. Lakini lile la mwisho, kuwadhania watu, lile ni mtego, tabibu yule alijua anachofanya au hakujua ni mamoja, kwa sababu akisema Ruqaya anamchungulia, haya, ndiyo maradhi, na akisema hamchungulii, basi anachunguliwa naye kanyamaza kama zuzu. Aushike mkia upi wa nyoka huyu.

"Basi mtie mtihani," alisema Suud. Ruqaya akauliza, "Mtihani gani?" "Mwambie mmoja wa watoto akosee makusudi. Aruke aya. Tuone kama dada atamshika." Kumbe! Kumbe, sikio langu halikunidanganya, nanyi mkasema maradhi... "Mtoto achezee maneno ya Mungu?" sauti ya Ruqaya ilipanda, ikakumbuka, ikashuka, "Wee Suud, uliyepigwa na pembea ni dada au ni wewe? Thubutu! Umwambie mtoto hivyo, nami nitamwambia mkeo ulichokificha darini." "Ebo! Mimi natafuta njia tu." "Njia yako iache hapo hapo. Hapana anayemwambia mtoto kitu." Hapana anayemwambia. Ndiyo kwanza Suud analifikiria, leo, sasa hivi, na Ruqaya amelikataa, Ruqaya wa ufagio. Basi hakuna aliyemtuma mtoto. Basi mtoto haruki, ni yeye Hamda ndiye anayeruka, ndani ya kichwa mna shimo na aya zinatumbukia humo... lakini subiri, subiri kwanza, kichwa kitamdanganya, pumzi haimdanganyi. Mtoto anayekosea kwa kutojua hupita juu ya kosa lake moja kwa moja, sauti imenyooka, hajui kama amekanyaga kitu. Anayekosea akijua huvuta pumzi kabla, ndogo, ya puani, kama anayetaka kuruka mtaro. Hilo hakufundishwa na mtu, watoto ndio waliomfundisha. Akatega sikio, si kwenye maneno, kwenye pumzi, Wanu alisoma, akasoma, na hapo, ndiyo, pumzi ya puani, kisha ile aya inayorudi ikaja mapema mno, ikabisha hodi kabla ya mgeni kufika. Ameruka. Makusudi. Bi Hamda ilimjia hasira, ile ya karibu, kumbe yuko karibu nayo kweli, mtoto huyu, niliyemvuta bega, maneno ya Mungu, na hakutumwa na mtu, basi kwa nini, anamcheka? Akamtazama. Wanu hakuwa anautazama msahafu. Alikuwa akimtazama yeye, usoni, upande wa kushoto, kwa pembe ya jicho, kama mpishi anavyotazama chungu kinachotaka kufurika.

Aa. Bi Hamda aliulegeza uso, akalitoa jicho kwenye mwanga akaliweka kwenye nakshi ya jamvi, na mtoto akasoma aya zote, moja baada ya moja, hakuacha herufi. Kisha akalirudisha jicho dirishani, likachomwa, ngozi ya paji ikajikunja yenyewe kidogo tu, na pale pale ile pumzi, na mruko. Anamfupishia. Kila akimwona anaumia anamfupishia njia, amalize, mwalimu apumzike, na hajui, maskini, kwamba katika kumfupishia ndiko anakompoteza. Huyu ndiye mtu wa siri aliyekuwa akimtafuta nyumba nzima, mwenye leso mpya, ambaye tangu ile siku hakuivaa, sasa ndiyo anagundua, hakuivaa hata mara moja. Na yeye Hamda aliyedhani ni Ruqaya tu anayeona! Anawasoma watoto kwa pumzi, hakufikiri hata siku moja kwamba nao wanamsoma yeye.

"Wanu."

"Naam, Mwalimu." Mtoto aliacha kusoma.

Neno lilikuwa zito kuliko alivyodhani, likakaa mdomoni, nyuma ya pazia Suud alikuwa bado na Mwalimu Mmanga wake na ukumbi wake mkubwa, na akilitoa neno hili Suud atalichukua, litakuwa lake, ataondoka nalo mpaka kichochoro cha pili. Akalitoa.

"Kichwa kinaniuma."

"Najua, Mwalimu," alisema mtoto. "Sote tunajua."

Sote nani? Lile nyoka likainua kichwa, sote nani, tangu lini, nani aliyeanza kusema, na Bi Hamda akaliona linavyoinuka, akalitambua kwa jina alilolitaja tabibu, kuwadhania watu, lipo, halikwenda popote, atakaa nalo miezi pengine kama lilivyosemwa, na akaliacha hapo limeinuka bila ya kulijibu. "Maneno haya hayafupishwi, mwanangu," alisema, "hata kwa kumwonea mtu huruma. Rudi ulikoruka." Wanu akainamisha kichwa, akarudi nyuma mbali, mbali kuliko Bi Hamda alivyokisia, akaanza kusoma, na ile aya ikaja, ikaja tena, mwanga ni ule ule na pazia ni lile lile na Suud yuko nyuma yake, na ilipokuja mara nyengine naye hajui ni ya ngapi, Bi Hamda aliinama juu ya marufaa, kwa mara ya kwanza tangu awe mwalimu, akaweka kidole chake kwenye ukurasa.

"Tuko hapa?"

Mtoto akakishika kidole kile, akakisogeza mstari mmoja chini. "Hapa, Mwalimu," alisema, akaendelea.