Bwawa la Gachanja

Hoteli ya Gachanja pale Litein ilikuwa na meza mbili, birika moja na sheria moja: mtu akileta habari mpya ya njia, kikombe cha kwanza ni bure. Habari ya njia ni nini? Ni mahali pa kula ukashiba, mahali pa kuvuka mto, mahali pa kutembea Jumapili. Basi wasafiri na wachuma chai wakawa wanashindana. Huyu anasema Siongiroi siku ya soko mbuzi anachomwa vizuri, lakini wahi kabla ya saa sita. Yule anasema ukipewa mursik, yale maziwa ya mgando, na mama wa Kikipsigis usiulize ule weusi ni wa nini, ni mkaa wa kibuyu, wewe kunywa na ushukuru. Kebaso, mchuma chai kutoka Kisii, aliapa kwamba samaki wa mto Itare hawanaswi ila kwa minyoo ya chini ya mgomba. Lo, walivyobishana siku hiyo!

Gachanja alisikiliza yote, akawapa wengine. Ungemsikia ungesema nchi hii ameimaliza kwa miguu. Wapi! Hata huo Itare hajauvuka. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, siku za Emajensi, Wazungu walipotangaza hali ya hatari, na Mkikuyu bila pasi haendi popote. Barua ya mchungaji ndiyo iliyomruhusu kubaki sokoni, na hapo sokoni ndipo alipokoma. Pasi ya kwenda kwao Kangema aliiomba mara tatu, na mara tatu karani alimwambia arudi mwezi ujao.

Huko Kangema alimwacha mama yake, Nyathira, peke yake. Tangu watu wa huko watolewe mashambani na kurundikwa katika kijiji kimoja, barua zake hazikujibiwa tena. Hakujua kama mama yu hai. Alipikia watu siku nzima, lakini sahani yake mwenyewe aliirudisha jikoni imejaa.

Kwa hiyo kila dereva aliyeelekea upande wa Thika alipewa habari ya njia bila kuomba. "Ukifika Kangema, ingia kijijini uulize Nyathira. Atakupikia irio, viazi na mahindi ya kupondwa, utakula mpaka ulegeze mshipi." Madereva wakacheka. Nani atapinda njia kwa ajili ya irio za mwanamke mzee? Gachanja alipoona hivyo akatia chumvi: nyuma ya kijiji, chini ya maporomoko, kuna bwawa la kuogea, maji safi, mawe yamelala kama vitanda. Bwawa hilo hakuna. Halijawahi kuwapo! Alilichimba kwa ulimi wake, maana madereva wana vumbi mpaka kwenye kope.

Kepher, Mkisii mcheshi aliyeendesha lori la mbao, akanaswa. "Bwawa? Mzee, kwa hilo nitapinda." Akaondoka. Wiki tatu nzima, kila lori lililokohoa mlimani, Gachanja alitoka na kitambaa mkononi kuangalia. Wateja wakamtania kwamba anangoja mchumba. Akacheka nao, akarudi jikoni, na huko jikoni hakucheka.

Siku Kepher aliporudi, mvua ya saa nane ilikuwa imeshaanza. Akaingia akijipangusa.

"Nilifika, Mzee Gachanja!"

Gachanja akaweka birika chini. "Ulimwona?"

"Mzima kabisa! Amenipikia irio nikashindwa kuinuka. Amesema usiwe na wasiwasi. Amesema uvae sweta, baridi ya huku ni kali."

Gachanja akaegemea ukuta, akamshukuru Mungu kwa sauti. Miaka miwili hakuna mtu aliyejali kama anasikia baridi. Alimpenda Kepher saa ile kama ndugu wa tumbo moja. Akamwekea chai, ikamwagika kwenye sahani.

"Na lile bwawa, mzee," Kepher akaendelea, "hukunidanganya! Nimeoga mpaka vidole vikakunjamana. Nimelala juu ya yale mawe."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikatikia hapo. Kepher hakufika Kangema. Labda aliogopa vizuizi vya askari. Labda alichelewa tu, kisha akamwonea huruma mtu anayetoka na kitambaa kila lori likipita. Hasira ikampanda Gachanja mpaka masikioni, akataka kumshika shati amtupe nje kwenye mvua. Mshenzi huyu! Lakini amwambie nini? Akimwambia hakuna bwawa, basi hakuna irio, na hakuna sweta pia. Anarudi pale pale, hajui kama ana mama.

"Maji yalikuwa baridi?" akauliza.

"Baridi sana, mzee." Kepher alisema hivyo akiangalia ndani ya kikombe, hakuinua macho.

Nje mvua ilipiga mabati. Hapakuwa na mteja mwingine. Gachanja akammiminia kikombe cha pili, ambacho kwa sheria si cha bure, akavuta stuli akaketi mbele yake.

"Bwawa tuliache," akasema. "Nieleze tena pale aliposema habari ya sweta. Polepole."