Mgongo kwa Uwanja

Delphine Tarver aliusukuma mlango wa chumba namba tisa kwa nyonga, mikono yote miwili imeshika sinia la mbavu za kuchoma, kisha akageuka kama walivyofundishwa: uso kwa wageni, mgongo kwa uwanja. Mhudumu halipwi kutazama besiboli. Alipanga mbavu, akamwaga barafu mpya chini ya kamba wa baharini, akaokota chupa tupu za bia. Nyuma yake uwanja mzima ulikuwa ukinguruma, naye alijua mchezo unavyokwenda kwa kuzisoma nyuso za waliokuwa wakila.

Jumamosi ile alikuwa na vyumba vitatu vya kuhudumia. Mwaka uliotangulia kila mhudumu alikuwa na viwili, lakini wenzake kadhaa walipunguzwa wakati wa baridi, na kazi yao wakagawiwa waliobaki pamoja na pongezi. Delphine alikwisha kuandikiwa maonyo mawili, moja kwa kukaa chini, jingine kwa kuchelewa siku basi lilipoharibika. La tatu ni kufukuzwa. Na bima iliyokuwa ikimpatia dawa za kisukari hupewa yule tu anayefika mwisho wa msimu bila kutimuliwa. Mwisho ulikuwa karibu mno hata alianza kuuona.

Chumba namba tisa kilikuwa na jina, Jukwaa la Jua, na picha iliyojaza ukuta mmoja: watu weusi wamebanana juu ya mbao, kofia zimevutwa usoni, macho yamekunjwa kwa mwanga. Timu ya nyumbani, Wahunzi, ilizaliwa katika kiwanda cha chuma cha Port Garnet, ikachezewa na watu waliotoka zamu na masizi mikononi. Weupe walikaa penye kivuli, weusi wakakaa kwenye jua la upande wa kulia. Haikuandikwa popote, lakini hakuna aliyehitaji kuandikiwa. Baadaye mbao zikavunjwa, na pale pale hewani zilipokuwa zikapachikwa vyumba vya kifahari, vyenye vioo, viyoyozi na viti vya ngozi. Jina walilibakiza, eti kwa kuenzi historia.

Baba yake Delphine, Roscoe, alikaa kwenye mbao zile akiwa mtoto, alasiri ile Amos Pettiford, mrushaji wa mkono wa kushoto, alipowarushia wapigaji wa timu ngeni mchezo mzima, awamu zote tisa, bila hata mmoja wao kuupiga mpira akafika kituo cha kwanza. Wahunzi hawakuwahi kuliona jambo hilo tena. Wazee wa Port Garnet huhesabu miaka kuanzia siku hiyo, na Roscoe alikuwa amelisimulia kila sikukuu mpaka wajukuu wakalijua kuliko sala.

Awamu ya sita ilipoanza, Delphine alirudi na bisi. Akiwa ameinama karibu na kioo kuokota glasi, wapigaji watatu wa timu ngeni wakatolewa mfululizo na mrushaji wa Wahunzi. Bwana Prewitt, mwenye kampuni ya vigae na mpangaji wa chumba hicho, akanyanyua kiganja.

"Dada, usiondoke hapo."

Delphine alielewa papo hapo. Mrushaji akiwa katikati ya jambo lile, bado hajapigwa hata pigo moja, watu wa mji huu hawalitaji. Hawabadilishi kiti, hawavui kofia, aliyesimama husimama mpaka liishe au liharibike. Tajiri na mpiga deki wanaiheshimu miiko hiyo sawasawa.

"Nina vyumba vingine viwili, bwana," alisema.

"Umeingia tu, kijana katoa watatu. Utataka kutuharibia? Wakubwa wako niachie mimi, nitaongea nao. Tena geuka, utazame."

Ahadi za wageni wa vyumba vile Delphine alizijua uzito wake. Lakini alikuwa binti wa Roscoe Tarver, na ukweli ni kwamba hata bila kuombwa, mguu wake usingenyanyuka. Akageuka.

Alikuwa amefanya kazi pale misimu minne na hakuwahi kuuona uwanja kutoka hapo. Ulikuwa chini yake wote, majani ya kijani yaliyokatwa kwa mistari, udongo mwekundu uliochanwa vizuri, na nyuma ya ukuta wa mbali ziwa linang'aa. Katikati ya haya yote alisimama Eliezer Quirós, kijana wa Panama aliyeletwa juzi juzi, mdogo na peke yake. Kwa hiyo hiki ndicho alichokiona Baba, Delphine aliwaza.

Awamu ya saba ikapita, na ya nane. Uwanja ulikuwa umenyamaza, watu elfu thelathini wakivuta pumzi kwa pamoja na kuiachia kwa pamoja. Wachuuzi wa karanga walisimama kwenye ngazi na masanduku yao shingoni. Redio ndogo kiunoni mwa Delphine ilimwita chumba namba kumi, ikamwita namba kumi na moja, naye akaipunguza sauti mpaka ikawa kama nzi. Mke wa Prewitt alitaka kwenda msalani akakatazwa. Mkwe wao, mtu wa kuja, akaanza kuuliza kama ni kweli timu ngeni bado haijapata hata pigo moja, na Prewitt akamjaza mkate mdomoni kabla hajamaliza.

Katika awamu ya tisa mpira wa mwisho ulipigwa juu sana, ukaja upande wao. Mlinzi wa kulia alikimbia akirudi nyuma, akaugusa ukuta kwa mgongo chini yao kabisa, akaruka. Ukatua kwenye glavu yake kabla haujagusa chini, na mpigaji wa mwisho akawa ametolewa. Kisha kelele zikaja, kelele ambazo baba yake alikuwa akishindwa kuzieleza kila sikukuu, na Prewitt akamkumbatia na kulia juu ya aproni yake. Delphine naye alilia, bila aibu.

Bi Loomis, msimamizi, alikuwa amesimama mlangoni. Alimwita kando akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wageni wa vyumba viwili wamelalamika kukaa bila chakula wala kinywaji, na masinia ameyabeba yeye mwenyewe.

"Bwana Prewitt ndiye aliyenizuia," Delphine alisema. "Huyo hapo. Muulize."

Bi Loomis akamuuliza, kwa adabu. Prewitt, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu, alitabasamu.

"Leo siku ya furaha, jamani. Mambo ya kazi si mtayamaliza wenyewe?" Akampigapiga Delphine begani, akatoka na watu wake wakiimba.

Labda hakuwa na nia mbaya. Bahati ilikwisha kupatikana, naye hakuwa tena na haja ya mtu aliyesimama karibu na kioo.

"Nisamehe, Delphine," Bi Loomis alisema. "Na mimi wananiangalia. Nipe kitambulisho na aproni, halafu ushuke kwa lifti ya mizigo."

Delphine alirudi ndani. Alipita kando ya picha, akashuka mpaka safu ya mbele, akaketi kwenye kiti cha ngozi na kuvua viatu. Kisha akampigia simu baba yake, kule kwenye nyumba ya wazee.

"Umesikia, Baba?"

"Nimesikia yote redioni. Wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale ulipokaa wewe. Nilisimama. Sasa nimekaa."

"Jua kali?"

"Hakuna jua, Baba. Kuna kiyoyozi. Na kiti kina mto."

"Basi usiinuke," mzee alisema.

"Mchezo umekwisha, Baba."

"Najua umekwisha. Usiinuke."

Kutoka mlangoni Bi Loomis alimwita kwa jina, mara ya kwanza taratibu, ya pili kwa ukali, mkono ameunyoosha kusubiri kitambulisho. Kule chini walikuwa wamemwinua kijana wa Panama mabegani. Delphine hakugeuka.